Nani Aliulizwa? Historia ya Huruma Buigiri

Mwaka 1950 mambo mawili yalitokea katika uwanda mmoja wa Ugogo, na dunia ililitazama moja tu. Kongwa, mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulikuwa unakata roho. Ulianza mwaka 1947 kwa mbwembwe, matrekta mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 za karanga ili Waingereza, waliokuwa bado wanagawiwa chakula kwa kipimo, wapate mafuta ya kupikia. Waliopendekeza mradi huo walikuwa wamezunguka nchi kwa wiki 9, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege. Waliiona Kongwa kutoka juu, ikawapendeza. Wagogo waliokuwa wanaikanyaga kila siku walijua kwamba udongo ule ukikauka hukaza kama saruji, na kwamba mvua ya pale huja ikipenda. Hawakuulizwa, au waliulizwa na watu ambao tayari walikuwa na jibu. Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza zikapotea.

Jambo la pili lilitokea magharibi ya hapo, Buigiri, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini Dodoma kwenye barabara ya Morogoro. Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya watoto wasioona, ya kwanza katika Tanganyika nzima. Iliitwa Wilson Carlile, kwa jina la mchungaji wa Kiingereza aliyeanzisha Church Army mwaka 1882. Hapakuwa na kifaru wala ndege. Leo wengi wanaijua kama Shule ya Wasioona Buigiri, na bado ipo.

Ni rahisi kuyaweka mambo haya mawili kwenye mizani, moja liitwe kiburi na jingine liitwe upendo. Historia ya Buigiri hainiruhusu kufanya hivyo upesi. Katika miaka zaidi ya 100, eneo hili dogo limepitiwa na kila aina ya huruma ambayo binadamu wameibuni: ya jamaa kwa jamaa, ya mtani, ya mmisionari, ya serikali, ya daktari na ya mgeni mwenye kamera. Nyingine zilisaidia, nyingine zilijeruhi huku zikiwa na nia njema kabisa. Nimejaribu kuzifuata kwa kuuliza swali lile lile kila mahali: nani aliulizwa?

Tuanze na maji. Ugogo ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yote ya mwaka haizidi sana milimita 500 au 600. Miaka mingine hata hiyo haifiki, au inafika yote kwa wiki chache kisha inakatika mtama ukiwa unachanua. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani kwenda Unyanyembe ililazimika kukata nchi hii, na watemi wa Kigogo wakadai hongo kabla ya wageni kunywa visimani. Wasafiri wa Ulaya, Burton na Stanley wakiwamo, walilalamika sana juu ya hongo hiyo. Katika vitabu vyao Mgogo anaonekana mlafi na mkorofi. Lakini msafara ule ulikuwa na mamia ya watu na punda, kila kinywa kikiwa na kiu, nao unafika kwenye kisima ambacho kijiji kinakitegemea hadi mvua ijayo. Kumtoza mgeni wa namna hiyo kulikuwa kuwahurumia watoto wako mwenyewe. Wale walioandika vitabu hawakuwa na sababu ya kulitazama jambo kutoka upande wa kisima.

Ndani kwa ndani Wagogo walikuwa na taratibu zao za kuvushana. Njaa ikikaribia, mtu alikwenda kuhemea: alichukua kikapu, au jembe la kumlimia mwenyeji, akaelekea kwa wajomba, kwa wakwe au kwa rafiki aliyepata mavuno upande mwingine wa mlima. Ng'ombe nao hawakukaa zizi moja. Mwenye mifugo aliigawa kwa jamaa na marafiki waliokuwa mbali. Aliyepokea alikunywa maziwa, na mwenye mali alijua kwamba ukame au ugonjwa ukipiga hapa, kule watabaki wachache. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika kitabu kizima juu ya ng'ombe na ukoo, alionyesha jinsi ng'ombe hao walivyoshona undugu. Aliandika pia juu ya utani baina ya koo. Mtani ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kukutukana msibani, kukunyang'anya kitu na kucheka pale wengine walipolia, na yeye huyo huyo ndiye mwenye wajibu wa kazi ngumu za mazishi ambazo mfiwa hawezi kuzishika.

Sisemi kwamba ilikuwa peponi. Asiye na ng'ombe hakuwa na cha kugawa, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Mjane asiye na watoto wa kiume, na mtu aliyenong'onwa kuwa mchawi, walijua ukomo wa ukarimu huo. Ila huruma hiyo ilikuwa na sifa moja ambayo huruma nyingi za baadaye zilikosa. Aliyepokea mwaka huu alijulikana kuwa ndiye mtoaji wa mwaka mwingine, na alikuwa na sauti. Aliweza kudai na kukataa, na akipewa kidogo alisema wazi.

Utaratibu huo ulivunjwa na vita ya watu wengine. Julai 1916 majeshi ya Uingereza yaliwaondoa Wajerumani Dodoma. Kabla ya kuondoka, Wajerumani walikuwa wamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Waingereza walipofika walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Vijana ambao wangelima mashamba walikuwa njiani na mizigo vichwani, na wengi hawakurudi. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na mazizi matupu kila upande, kwa hiyo hata kuhemea kulipoteza maana, maana unahemea kwa nani ikiwa mjomba naye hana? Homa kali ya 1918 ikaingia juu ya njaa. Wagogo waliuita msiba huo Mtunya, yaani kinyang'anyiro, na uliendelea hadi 1920. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika watu 150,000 hivi wa Ugogo, 30,000 walikufa.

Mtu mmoja kati ya watano. Takwimu hiyo hainielezi lolote mpaka niifikirie nyumba kwa nyumba, tembe baada ya tembe. Familia ziliwakabidhi watoto kwa waliokuwa na chakula, kwa makubaliano ambayo hayakuwa ya kawaida wala ya hiari. Wazee waliosimulia baadaye walikumbuka zaidi ya njaa yenyewe: walikumbuka aibu ya kumfungia ndugu mlango. Hapo ndipo jina la msiba linapopata uzito wake, kwa sababu kinyang'anyiro hakikuwa cha majeshi peke yake. Mathias Mnyampala, mshairi mkubwa na mwandishi wa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu kilichotoka 1954, alizaliwa 1917 pale Ihumwa, njiani kati ya mji wa Dodoma na Buigiri. Alizaliwa ndani ya Mtunya. Sishangai kwamba mtu huyo alitumia ujana wake kukusanya mila za watu wake kabla hazijapotea.

Baada ya Mtunya, Ugogo ilibaki na sifa ambayo haikujichagulia. Maofisa wa kikoloni waliandika kwamba ni nchi ya njaa, kana kwamba njaa ilizaliwa na udongo na haikuletwa na amri za kijeshi. Baada ya uhuru, familia zilizokimbia ukame zilipoonekana zikiomba kwenye taa za barabarani Dar es Salaam, ombaomba mmoja maarufu kutoka Dodoma alifanya jina lake liwe msamiati wa mtaani, na Mgogo akageuzwa kichekesho. Watu wale wale walioitwa wakorofi kwa sababu ya kudai hongo sasa wakachekwa kwa sababu ya kuomba. Nimesikia mzaha huo kwenye daladala mara nyingi, na wanaoutoa si watu wabaya. Wanachokosa ni historia.

Wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS walikuwa wameingia Ugogo kabla ya Mtunya. Walijenga kituo Mpwapwa mwaka 1878, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakawa wamefika Mvumi na Buigiri. Mwaka 1927 Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa chini ya Askofu George Chambers, na kuanzia hapo Waaustralia wakawa wengi. Daktari Paul White alifanya kazi katika hospitali ya Mvumi kuanzia 1938 hadi 1941, akarudi Australia, na vitabu vyake vya watoto vikasambaa duniani kwa lugha nyingi. Kwa Wagogo wenyewe jambo kubwa halikuwa vitabu. Lilikuwa kwamba sasa kulikuwa na mahali pa kumpeleka mtu mwenye macho mabovu, na wenye macho mabovu walikuwa wengi.

Ugonjwa mkuu ulikuwa vikope, ambao hospitalini huitwa trakoma. Unaletwa na bakteria, na unaenea kwa nzi wanaotua kwenye uso wa mtoto, kwa vidole na kwa kitambaa. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona. Akiambukizwa tena na tena kwa miaka, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu, kope hujikunja kuelekea ndani, na nywele zake huanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Mwisho wake ni giza. Walioumia zaidi walikuwa wanawake, na sababu yake inanisumbua kuliko jambo lolote katika habari hii. Mama, bibi na dada mkubwa ndio wanaowabeba watoto, wanaowalaza karibu na wanaowafuta machozi na kamasi kwa pindo la kanga, kisha pindo hilo hilo likawafuta wao wenyewe. Ugonjwa ulisafiri kwa njia ya malezi. Aliyelea zaidi ndiye aliyepofuka zaidi.

Mzee akishapofuka, mtoto alipewa kazi ya kumwongoza. Mzee alishika ncha moja ya fimbo, mtoto ncha nyingine, wakaenda hivyo kisimani, kilabuni, kanisani na sokoni. Picha hiyo imechorwa na kupigwa sana Afrika kote, na watu huiona nzuri. Kwa mtoto ilikuwa na gharama: aliyeongoza babu hakwenda shule. Na mtoto ambaye mwenyewe haoni alikuwa na nafasi finyu zaidi. Alikaa nyumbani. Alitunzwa, mara nyingi kwa upendo mkubwa, akapukuchua mahindi na kubembeleza vichanga, na hakuna aliyetarajia ajifunze zaidi ya hayo. Huo nao ni ukatili wa aina yake, ingawa hauna mkosaji wa kumshitaki.

Ndiyo maana mwaka 1950 una uzito. Mwaka huo huo, London, John Wilson alianzisha chama cha wasioona wa himaya ya Uingereza, kile ambacho leo kinaitwa Sightsavers. Wilson alipofuka akiwa na miaka 12 kwa mlipuko wa maabara shuleni, akasoma Oxford, na katikati ya miaka ya 1940 alizunguka Afrika akitazama hali ya wasioona. Alikuwa anasema juu ya watu wenzake. Buigiri haikuwa na mwasisi wa namna hiyo, ilikuwa na wachungaji na walimu wanaoona, lakini ilibeba ndani yake kitu kilichobuniwa na kijana asiyeona, nacho ni maandishi ya nukta nundu.

Habari za Louis Braille zinastahili kusimuliwa hapa kwa sababu zinalijibu swali langu kuliko hotuba yoyote. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, akajichoma jicho kwa msharasi wa kutobolea ngozi wa baba yake akiwa na miaka 3, na uambukizo ukala jicho la pili. Katika shule ya wasioona ya Paris wanafunzi walisomeshwa kwa herufi za kawaida zilizofinyangwa zikainuka kwenye karatasi nene. Zilikuwa kubwa na za polepole, na mwanafunzi hakuweza kuziandika mwenyewe. Walimu walizipenda kwa sababu moja: wao waliweza kuzisoma kwa macho. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, Braille alikamilisha mfumo wa nukta 6 unaosomeka kwa ncha ya kidole kimoja. Wanafunzi wenzake waliukumbatia. Wakubwa walisita, wakati fulani wakaukataza kabisa, na shule yake iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Watu waliojitolea maisha yao kwa ajili ya wasioona walihitaji miaka 30 kuamini kwamba asiyeona anajua kidole chake kinataka nini.

Katika darasa la Buigiri mtoto alijifunza kutoboa nukta hizo kwa kibao na kalamu ya chuma, akiandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akageuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto wa mfugaji ambaye nyumbani alilishwa kama mgonjwa alikutana na wenzake wanaooga wenyewe, wanaofua, wanaogombana na kupatana. Sidhani kama kuna somo la nukta nundu lililozidi hilo. Shule ya bweni ilikuwa na dosari yake. Ilimtoa mtoto kwao, ikamweka na wasioona wenzake tu, na kijiji kilichobaki nyuma hakikulazimika kubadilika hata chembe. Akirudi likizo, alirudi kwenye nyumba ile ile ambayo bado ilimkataza kushika moto. Lakini waliohitimu shule za namna hii walikuwa wa kwanza kushika kazi za mshahara, wakiwa walimu na wapokea simu maofisini, kazi iliyohitaji sikio na kumbukumbu. Shule nyingine zilifuata, Irente ya Walutheri kule Lushoto ikiwa mojawapo, na mwaka 1963 Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi Tabora. Mwaka 1964 ukaundwa Chama cha Wasioona Tanzania, na sauti iliyokuwa inasemewa ikaanza kusema.

Halafu serikali ikaja na huruma yake. Miaka ya 1970 na 1971 ukame uliubana mkoa wa Dodoma tena, na Operesheni Dodoma ikatangazwa: watu waliotawanyika wahamie vijiji vya ujamaa wapate maji, shule na zahanati. Chamwino, jirani kabisa na Buigiri, ikawa mfano wa kuonyeshwa. Mwalimu Nyerere alikuja kukaa hapo mwaka 1971, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Jambo hilo wazee wanalitaja kwa fahari mpaka leo, na nadhani wana haki. Rais aliyechafuka udongo alikuwa anafanya kitu ambacho waliopanga mradi wa karanga wa Kongwa hawakukifanya kamwe. Hata hivyo, kufyatua matofali na mtu si sawa na kumuuliza kama anataka nyumba hapo. Mgogo alijenga mbali na jirani kwa sababu ng'ombe walihitaji nafasi na mashamba yalihitaji kupumzika. Kuwakusanya watu kuliwaletea darasa na bomba, na kukawaletea pia udongo uliochoka karibu na nyumba na mwendo mrefu kufuata malisho. Mashaka ya mkulima yalionekana kama ukaidi, na chakula cha msaada kilifika kikiwa na masharti ya kuhama. Waliopanga walikuwa na upendo wa kweli kwa wananchi. Walipungukiwa na subira ya kuwasikiliza.

Subira hiyo ilikuja kuonekana mahali ambapo sikuitarajia, kwenye utafiti wa macho. Mvumi, daktari Allen Foster na wenzake walikuwa wameanza kuuliza kwa nini watoto wanapofuka, na jibu likawarudisha nyuma ya jicho: surua, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni na wazazi waliokuwa wanahangaika kuokoa. Chanjo ya surua, iliyosambazwa kupitia mpango wa taifa ulioanza 1975, ikazuia upofu ambao shule yoyote isingeweza kuuponya. Kongwa nako, kwenye ardhi ile ile ya karanga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakiongozwa na Sheila West walishughulikia vikope kuanzia miaka ya 1980. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtoto mwenye uso safi hapati ugonjwa kwa urahisi. Hitimisho la kivivu lingekuwa kuwahubiria akina mama usafi.

Badala yake waliketi na watu na kuuliza. Kumbe kisima kiko mbali, na anayebeba ndoo ndiye anayejua thamani ya kila kata. Kumbe mama hana uamuzi wa peke yake juu ya maji. Mume na wakwe nao wana maneno, na kumnawisha mtoto uso mara kwa mara kulionekana ni kupoteza maji ya mifugo na ya kupikia. Mama aliyeonekana mzembe alikuwa anapiga hesabu. Basi mikutano ikaitwa, wanaume wakiwamo, na watu wakaonyeshwa kwa vitendo kwamba lita moja ya maji inanawisha nyuso nyingi kuliko yeyote alivyodhani. Kijiji kikakubaliana chenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet: kampeni ya kunawa pamoja na dawa ya macho ilipunguza vikope vikali. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea dawa ya azithromaisini kwa msaada mwishoni mwa muongo huo, na vikope vimeendelea kupungua. Miaka 40 baada ya karanga, mtu alifika Kongwa na swali badala ya trekta.

Kadiri surua na vikope vilivyopungua, madarasa ya shule za wasioona yalibadilika sura. Walizidi kuonekana watoto wenye uoni hafifu, na kati yao wenye ualbino, ambao macho yao hayana rangi ya kutosha kuvumilia mwanga. Kuanzia mwaka 2006 hivi habari za kutisha zilianza kutoka Kanda ya Ziwa: watu wenye ualbino wanauawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina za utajiri. Mwandishi Vicky Ntetema alijifanya mteja wa waganga mwaka 2008 ili kufichua biashara hiyo, na ikambidi aishi kwa kujificha kwa muda. Serikali ilikimbiza watoto kwenye shule za bweni zenye uzio, na shule za watoto wasioona, Buigiri ikiwamo, zikawa pia hifadhi.

Uzio uliokoa maisha. Sitakubali mtu adharau hilo. Ila miaka ilipita, na kwenye vituo vya namna hiyo nchini watoto wengine wakawa hawaendi nyumbani hata likizo, wazazi wengine wakaacha kuja, na kilichokuwa kimbilio kikaanza kuwa makazi ya kudumu. Ikponwosa Ero, Mnigeria mwenye ualbino aliyekuwa mtaalamu huru wa kwanza wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ualbino, alitembelea Tanzania mwaka 2017 na kuligusa jambo hili: mtoto ana haki ya usalama na ana haki ya familia, na moja haifuti nyingine. Aliyasema kama mtu anayeyajua kwa ngozi yake. Wakati huo huo saratani ya ngozi imeendelea kuua wenye ualbino wengi zaidi ya mapanga, kimyakimya, kwa kukosa kofia pana na mafuta ya kuzuia jua. Huruma yetu iliamshwa na damu. Jua la saa saba mchana la Chamwino halitoki kwenye magazeti.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010, na inazungumza lugha ya haki. Siku hizi wataalamu wa elimu wanapendelea mtoto asiyeona asome na wenzake wanaoona karibu na kwao, jambo ambalo lingewabadilisha hao wanaoona zaidi kuliko yeye. Nakubaliana nao kwa kichwa. Lakini darasa la kawaida lenye watoto 80 na mwalimu asiyejua nukta nundu halimjumuishi mtu; linampa kiti tu. Mpaka mambo hayo yatengenezwe, mzazi wa Bahi au Mpwapwa anayemleta mwanawe Buigiri anajua anachokifanya, na sioni haki ya kumlaumu.

Buigiri ya leo iko jirani na mamlaka. Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa rasmi Mei 2023, lami ni nzuri, mashamba ya zabibu yamesogea barabarani, na magari ya wakubwa hupita mchana na usiku. Shule za namna hii hupata wageni wengi, hasa sikukuu zinapokaribia: taasisi, vikundi vya makanisa na misikiti, na kampuni zenye fulana za rangi moja. Mchele, sabuni na mafuta ya kupikia hupangwa chini, watoto huimba, picha hupigwa, hotuba hutolewa. Sabuni ni kitu kizuri na mchele unaliwa, simcheki mtoaji. Ila ratiba ya ziara hizi ina wimbo wa watoto na ina neno la mgeni rasmi, na mara chache ina nafasi ya mwanafunzi kusema anachopungukiwa. Ukimpa nafasi hiyo, mtoto wa darasa la sita hahitaji kufikiri sana. Atakutajia karatasi nene za nukta nundu, ambazo ni ghali, na mashine ya kuandikia, ambayo ikiharibika inahitaji fundi anayeijua. Mwenye ualbino atakuambia kofia, miwani na mafuta, kisha atakuuliza kama utarudi muhula ujao, maana mafuta ya mwezi mmoja hayamfikishi Desemba.